Punguza kilo kabla ya kuongeza farasi: mwongozo wa kulipunguzia gari uzito, kwa madereva wa Uganda

Toyota Altezza yangu, ile RS200 ya gia sita za mkono, ilitoka kiwandani Japani ikiwa na nguvu za farasi 210. Huku Kampala sijawahi kuwaendesha farasi hao wote. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 11. Injini isiyo na tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) hula hewa inayoipata. Hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua. Kwa hesabu ya penseli nimebaki na farasi 187 hivi, hata injini iwe nzima namna gani. Wenye Subaru na Mitsubishi Evo za tabo hawaumii sana, maana tabo huishindilia hewa ndani. Sisi wengine mlima umetukata kodi kabla hatujawasha gari.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kutafuta farasi wengine: kemshafti mpya, kompyuta ya injini, filta ya hewa inayopiga kelele. Kwa injini isiyo na tabo, njia hiyo inakula pesa nyingi na kurudisha kidogo. Kupunguza uzito ni nafuu zaidi, na faida yake haiishii kwenye kukanyaga mafuta tu. Gari jepesi hukata kona vizuri zaidi, husimama mapema, na breki zake hazichemki upesi unapoteremka kutoka Kapchorwa. Hii ndiyo njia niliyoifuata, pamoja na makosa niliyoyafanya.

Hatua ya 1: Pima, na upime kweli

Usitoe hata skrubu moja kabla hujajua gari lina kilo ngapi. Wenye mizani ya malori, wanaonunua chuma chakavu au kupima kahawa na mchanga, watakupimia kwa pesa kidogo ukiwaomba vizuri asubuhi kabla ya foleni. Ujue tu kwamba mzani wa lori mara nyingi husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Unafaa kwa jumla ya gari, haufai kwa kutofautisha betri na betri.

Ukitaka kupima gurudumu moja moja nyumbani, kuna ujanja wa ubao. Tafuta ubao mnene usiopinda, mabomba mawili mafupi ya chuma, tofali na mzani wa bafuni. Laza bomba moja juu ya tofali na lingine juu ya mzani, kisha lalisha ubao juu ya yote mawili. Umbali kati ya mabomba uwe sentimita 120. Panga vimo vilingane ili ubao usiiname, kisha andika uzito wa ubao mtupu ili uuondoe baadaye. Gurudumu likae juu ya ubao, sentimita 40 kutoka bomba la tofali. Hapo mzani unabeba theluthi moja tu ya mzigo, kwa hiyo zidisha kwa 3. Magurudumu mengine matatu yainuliwe kwa mbao hadi kimo kilekile, sakafu iwe sawa, kabari ziwekwe, na mtu yeyote asiingie chini ya gari. Ukimaliza kona zote nne utajua pia mbele kuna nini na nyuma kuna nini, jambo ambalo mzani wa lori hautakuambia kirahisi.

Kwa vipande vidogo nunua mzani wa kuning'iniza wa dijitali, kama ule wa wauza maharage. Kila kinachotoka kwenye gari kipimwe na kiandikwe daftarini. Bila daftari utaanza kujidanganya, na mwenye gari ana kipaji cha kujidanganya.

Langu lilisoma kilo 1,372, nusu tangi, bila mimi ndani.

Hatua ya 2: Fungua buti

Gereji yetu ya Ndeeba ina fundi mmoja wa Goma, mwingine wa Busia, mwingine wa Arua. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, kila mtu na chake. Siku nilipompelekea yule wa Goma malalamiko yangu kwamba gari limechoka, alifungua buti, akatazama, akasema, "Kaka, hii gari haina shida ya moteri. Ni duka umebebesha ndani."

Alikuwa sahihi. Kulikuwa na sabufa na boksi lake la mbao, amplifaya, jerikeni, viatu vya mpira wa miguu, na spana za gari nililouza zamani. Sabufa na vyake peke yake vilikuwa kilo 29. Hakuna kifaa cha kaboni faiba utakachonunua kitakachokupa kilo 29 bure.

Mafuta nayo ni mzigo. Lita moja ya petroli ina kama gramu 740. Tangi langu la lita 70 likijaa ni kilo 52. Siku ya sprint, yaani mbio fupi za kushindana na saa, kwenye viwanja vya Busiika au Garuga, ingia na robo tangi. Usishuke zaidi ya hapo, kwa sababu kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja, pampu ikanyonya hewa, na injini ikakata katikati ya kona.

Hatua ya 3: Tairi la spea, na kisa cha Mubende

Nililitoa. Kilo 19 pamoja na jeki na spana ya magurudumu, nikajiona mjanja. Wiki tatu baadaye, saa mbili usiku kati ya Mityana na Mubende, tairi la nyuma likapasuka ukingoni. Nililifungua kwa spana ya kuazima, nikapanda nalo boda boda, nimelikumbatia kama mgonjwa, gari likibaki peke yake gizani na malori yakilipita kwa kasi. Nilirudi saa sita kasoro.

Ushauri wangu sasa: spea litoke siku ya mashindano tu. Kwa barabara, badilisha spea kubwa kwa lile jembamba la akiba na jeki ndogo ya alumini. Mimi niliokoa kilo 8 hivyo na ninalala vizuri. Pembetatu za kuakisi na kizima moto havitoki kamwe.

Hatua ya 4: Ndani ya gari

Viti vya nyuma ndio mavuno rahisi kuliko yote. Kwenye Altezza ni nusu saa ya kazi na kilo 18. Pima vya kwako. Magari mengi madogo huangukia kati ya 15 na 25.

Siti ya dereva ni hadithi ndefu kidogo. Ya kiwandani yenye reli na mota inaweza kufika kilo 20 na zaidi. Ndoo, yaani siti ya mbio ya faiba, pamoja na reli zake huwa kama 10. Nilibadilisha ya dereva tu, nikapata kilo 9, ya abiria nikaiacha. Kabla hujagusa siti yenye eabegi pembeni, toa waya wa betri na usubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe. Ukinunua ndoo ya mtumba katika soko la vipuri la Kisekka, geuza nyuma usome lebo: siti zenye kibali cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) cha 8855-1999 zina uhai wa miaka 5 tangu kutengenezwa, na mkaguzi wa mashindano ataitazama tarehe hiyo kabla hajakutazama wewe. Pitisha mkono pia kwenye faiba kutafuta ufa. Siti iliyokwisha pata ajali moja imekwisha kazi yake.

Jambo moja wengi hawalijui: usifunge mkanda wa mbio wa pointi nne au sita kwenye gari lisilo na kizimba cha mabomba. Gari likipinduka paa hubonyea. Mkanda wa kawaida unakuacha uegemee upande. Ule wa mbio unakushikilia wima kama mlingoti, na paa linakuja juu ya kichwa chako. Kizimba kamili huongeza kilo 30 hadi 45, na kwa gari la mashindano hizo ndizo kilo pekee ninazozishangilia zikiongezeka.

Kapeti na ile lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni: kilo 11 kwangu. Lami hiyo hutoka kwa kuipasha joto taratibu na kuikwangua. Mafundi wa Ulaya huigandisha kwa barafu kavu ikavunjika kama biskuti. Sisi tulitumia kikaushio cha hewa moto, visu vya rangi na uvumilivu wa siku mbili. Usikaribishe moto wa wazi, kwa sababu nyaya na mabomba ya mafuta hupita hapohapo. Ukimaliza, rudisha vizibo vyote vya mpira vya sakafu. Mimi nilisahau viwili, na safari ya kwanza kwenye maramu, barabara ya udongo mwekundu, nilitoka nimepakwa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Kelele utaizoea. Joto la handaki la gia kwenye mguu wa kushoto halizoeleki, kwa hiyo niliacha kinga ya joto ya sehemu hiyo ilivyo.

Vibao vya milango viache. Ferrari F40 ya 1987 ilitoka kiwandani bila redio wala kapeti, na mlango wake ulifunguliwa kutoka ndani kwa kuvuta waya, ni kweli. Lakini ule mlango uliundwa hivyo tangu mwanzo. Wako ukiuvua unabaki na kingo za bati zinazosubiri kiwiko chako, kwa faida ya kilo mbili tatu.

Hatua ya 5: Kiyoyozi, ambacho nilikitoa nikakirudisha

Kompresa, kondensa, mabomba na mabano yake vilikuwa kilo 18, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele kabisa, mbele ya ekseli, mahali pabaya kwa gari linalotaka kugeuka upesi. Kwenye karatasi ni uamuzi rahisi. Nilimwita fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi, maana gesi haimwagwi hewani na ikikugusa inaunguza ngozi kwa baridi. Tukatoa kila kitu, tukaweka mkanda mfupi wa injini.

Kisha nikaenda Fort Portal mwezi wa mvua. Kiyoyozi hakikupozi wewe tu. Hukausha hewa inayopuliza kwenye kioo cha mbele. Bila hicho, mvua ya Rwenzori nje na pumzi za watu wawili ndani, kioo kiligeuka maziwa. Niliendesha kilomita 40 huku mwenzangu akifuta kwa shati lake. Wiki iliyofuata zile kilo 18 zilirudi mahali pake.

Kama gari ni la mashindano pekee na linabebwa juu ya lori, toa. Kama unaliendesha hadi kazini, acha.

Hatua ya 6: Magurudumu

Hapa ndipo kilo moja ina thamani kuliko kilo nyingine yoyote, kwa sababu mbili ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kuzunguka. Unapokanyaga, injini inalisukuma gurudumu mbele na papo hapo inalizungusha. Kwa hiyo kilo iliyoko kwenye ukingo wa nje, kwenye tairi lenyewe, inahesabika karibu kama mbili; iliyoko kwenye rimu, kama moja na nusu na kidogo. Ukisikia mtu anasema mara nane au mara kumi, mwache aendelee na bia yake.

Ya pili ni kwamba gurudumu haliko juu ya springi. Likigonga tuta, springi na shokamzoba ndizo zinazolirudisha chini, na likiwa zito linachelewa kurudi. Muda ambao tairi liko hewani ni muda usio na breki wala usukani. Kwenye lami laini huenda usione. Kwenye maramu yenye mikunjo kama bati utaisikia siku ya kwanza.

Rimu zangu za zamani za inchi 17 zilikuwa kilo 10.6 kila moja. Nilizozipata ni 7.6. Kilo 12 kwa jumla, na ukikanyaga unasikia kama zimetoka 20.

Sasa onyo. Rimu nyepesi ziko za aina mbili, za kumiminwa na za kufuliwa kwa shinikizo. Za kufuliwa, kama TE37 za RAYS, zina nguvu zaidi kwa uzito uleule. Sokoni kuna nakala nyingi zenye sura hiyohiyo na bei ya robo, na nakala hiyo ikikutana na shimo la Kampala inapasuka, haipindi. Leta mzani wako wa kuning'iniza dukani. Nakala mara nyingi huwa nzito kuliko zile inazoziiga, na muuzaji akikataa usipime, umeshapata jibu. Usipande pia ukubwa wa rimu kwa ajili ya sura. Inchi 16 yenye tairi nene kidogo ni nyepesi, ni nafuu, na inasamehe mashimo; hakikisha tu inapita juu ya kalipa za breki.

Hatua ya 7: Vinavyobaki

Betri ya kawaida ya risasi yangu ilikuwa kilo 14.6, ya lithiamu ni 3.6. Ni kilo 11 kwa kubadilisha nati mbili, ila bei inauma. Lithiamu haipendi joto la injini wala alteneta inayochaji kupita volti 14.6, kwa hiyo pima alteneta kwanza. Kama huna pesa, chukua betri ndogo ya risasi inayotosha kuwasha injini yako, upate kilo nne tano.

Sailensa ya nyuma ya kiwandani ilinipa kilo 11 nilipoibadilisha na nyembamba ya chuma kisichoshika kutu. Vijana wa Katwe wanachomelea mabomba haya vizuri, lakini waambie unataka sailensa halisi yenye matundu ndani. Bomba tupu ni jepesi zaidi kwa kilo mbili, nao majirani watakuchukia kwa haki.

Boneti ya faiba: kilo 7. Weka pini za boneti, mbili, siku hiyohiyo. Kufuli ya kiwandani imeshikwa na faiba nyembamba, na boneti ikifunguka kwa kasi inakuja moja kwa moja kwenye kioo. Wenye Subaru za STI za zamani wapime kwanza, nyingi zina boneti ya alumini tayari na hawatapata kitu.

Vioo niliviacha. Hesabu inavutia: mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 4 ni kilo 10, na ya plastiki ngumu ya polikaboneti haifiki 5. Lakini vumbi letu na wipa za mlango, ile mipira inayofuta kioo kikipanda na kushuka, hulikwangua plastiki hilo hadi usiku unaona taa za lori kama moto wa nyika. Kioo cha mbele hakijadiliwi hata kidogo.

Mabano yasiyo na kazi, kinga za chini zilizovunjika, nyaya za king'ora kilichokufa na vijidude vingine vilinipa kilo 6.

Usiguse

Nondo za chuma ndani ya milango. Chuma cha nyuma ya bampa. Eabegi ya usukani. Mkanda wowote. Breki ya mkono. Boriti na mihimili ya bodi, hata kama umeona video ya mtu akiitoboa kwa drili kama chujio. Niliwahi kununua mlango uliotobolewa hivyo bila kujua. Ulikuwa mwepesi wa kupendeza, na ulipinda nilipoufunga kwa hasira.

Kumbuka pia kwamba hata magari ya Rally2, daraja la magari ya rali yaliyoundwa kwa mashindano, unayoyaona siku hizi kwenye Pearl of Africa Rally, yana kikomo cha chini cha kilo 1,230. Ukifika karibu na hapo kwa gari la barabarani lenye viti na taa zake, umefanya kazi.

Hatua ya mwisho: Lipange upya

Gari lililopungua linasimama juu zaidi, na pembe za magurudumu zimehama. Nenda kwenye alaimenti. Punguza upepo wa tairi kidogo kidogo na uandike unavyohisi. Na usitoe kila kitu nyuma peke yake: viti, spea, sabufa na sailensa vyote viko nyuma, vikitoka pamoja gari la kuvuta nyuma linakosa mshiko wa kuondokea, na magurudumu ya nyuma yanajifunga mapema ukikanyaga breki kwenye mvua. Ndiyo maana betri na boneti, ingawa ni kilo 18 tu kwa pamoja, nilizifanya kabla ya kugusa lami ya sakafu.

Lijaribu kwenye uwanja siku ya sprint, siyo kwenye barabara ya Entebbe usiku. Zunguka mara tano kabla na mara tano baada, hali ya hewa ileile, tairi zilezile.

Mzani wa mwisho ulisoma kilo 1,250. Nimetoa 122. Nikijihesabu na mimi ndani, kilo 80, ni kama nimeongezewa farasi 17 kati ya wale 23 ambao mwinuko wa Kampala uliwachukua.

Kila kilichotoka kiwekwe kwenye mfuko na nati zake, na karatasi yenye jina na tarehe. Viti vyangu vya nyuma viko juu ya kabati, nati nane kwenye chupa ya jemu. Kila Desemba ninavishusha, maana watoto hawawezi kwenda kijijini Tororo wamekaa juu ya bati.